Kipembe cha Susu Ukutani

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya benki, na mbele yangu mama mmoja mzee akafungua karatasi ya nailoni, akachota ugoro kwa vidole viwili na kuuvuta puani. Harufu ikanifikia, ule ukali wa tumbaku iliyosagwa na magadi. Nilipiga chafya tatu, machozi yakanitoka. Yule mama akageuka, akacheka. "Pole, mwanangu. Hii si ya watoto." Mimi ni nyanya wa mtu! Lakini machozi yale hayakuwa ya chafya peke yake, na tangu siku hiyo sijatulia. Acha niwaambie ninyi.

Nilizaliwa Kyuso, nikapewa jina la Kalekye, la mama yake baba. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la nyanya mzaa baba, na jina hilo si pambo. Baba hakuwahi kuniita Kalekye. Aliniita "mwaitu", yaani mama, hata alipokuwa na fimbo mkononi. "Mwaitu, leo nitakuchapa," alisema kila mara, na mimi nilikimbia huku nikijua kwamba hawezi kumchapa mama yake sawasawa.

Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alivuta ugoro tangu ujana wake. Aliuweka kwenye kipembe, ncha ya pembe ya ng'ombe yenye kifuniko cha ngozi, na mdomoni kumezungushwa waya wa shaba mara tatu. Mzunguko wa katikati ulikuwa umekatika kwa sababu alikuwa na tabia ya kukifungua kwa meno. Mwaka niliotimiza miaka kumi na moja alianza kuugua. Siku moja akaniita kitandani, akakivua shingoni na kunivisha mimi. "Wewe ndiye mimi," akasema. "Kaa nacho." Wiki hiyo hiyo akatuacha.

Sasa, shida ilikuwa baba. Baba alikuwa fundi wa mawe, hodari kweli, na pia alikuwa ameokoka, tena shemasi. Kanisani kwetu tumbaku ilikuwa dhambi, uivute, uitafune au uinuse. Ugoro wa mama yake aliuvumilia kwa kuwa ni mama. Kwa hiyo mimi nilikificha kipembe chini ya godoro, na kila nilipomkumbuka Susu nilikifungua kidogo nikanusa. Hapo nilimwona mzima mzima, na kanga yake na kikohozi chake.

Ningekomea hapo godoroni, haya yote yasingetokea. Lakini Jumapili moja nilikibeba kanisani ndani ya soksi. Pasta alikuwa katikati ya mahubiri marefu, kiti cha Susu kilikuwa kitupu, nami nikaona nimwite kidogo tu, nikakitoa soksini nikanusa. Woi! Nilipiga chafya mpaka nikapoteza hesabu. Mama mmoja jirani akaanza na yeye, halafu mtoto wake. Pasta akanyamaza, akanusa hewa kama mbuzi dume, na akina mama wa kwaya wakacheka mpaka wakainamisha vichwa. Baba alikuwa amekaa mbele na mashemasi wenzake. Hakugeuka, ila niliona masikio yake yakibadilika rangi.

Nyumbani hakunichapa. Nikafikiri nimepona.

Alhamisi yake niliinua godoro, kipembe hakipo. Nilipindua nyumba nzima nikilia. Mama akaniuliza, "Si jana ulikuwa hapa na yule wa Abdi?" Yule wa Abdi ni Halima, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Baba yake alinunua mbuzi sokoni Kyuso na kuwapeleka mbali kwa lori, na walikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Ndiye mtu pekee niliyekuwa nimemwonyesha kipembe. Nikamtazama baba. Alikuwa anakula muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, anachagua maharagwe kwa kijiko.

"Baba, wewe hujakiona?"

"Mimi? Sijui, mwaitu. Kitu ikipotea imepotea."

Nilimwamini. Nani hamwamini baba yake? Nilitoka mbio mpaka kwa kina Halima. Mama yake alikuwa anapika anjera, ile mikate yao laini, nje, wanaume watatu waliokuja na mbuzi wakisubiri chai. Nikasimama mbele yao wote, nikasema, "Mama Halima, mtoto wako ni mwizi. Ameiba kitu ya nyanya yangu."

"Wallahi sijachukua," Halima akasema. "Kalekye, wallahi tena."

Mama yake alimpiga kofi mbele ya wale wageni, kisha akaingia ndani akatupa nje kila nguo ya Halima, moja moja, ili nione. Hakukuwa na kitu. Wageni waliangalia chini. Halima aliokota nguo zake na hakunitazama. Darasani akahamia dawati la nyuma, na mimi nikawaambia wasichana wote wachunge penseli zao. Ndiyo, nilisema hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya themanini, mtaala mpya ulipoleta somo la sanaa na kazi za mikono, na wazazi wakawa wanauliza ni masomo au ni michezo. Mwalimu wetu wa sanaa aliitwa Kilonzo, kijana mwenye suruali iliyojaa rangi. Kati ya kinu cha posho na ukuta wa soko kulikuwa na kichochoro kichafu ambapo watu walitupa takataka na wengine wakafanya mambo mengine ambayo sitayataja. Mwalimu Kilonzo akasema tutakigeuza kiwe njia ya kupendeza, na hatutanunua chochote. Kila mtoto alete kile ambacho kwao kimetupwa.

Tulileta vizibo vya soda, betri zilizokufa, spoki za baiskeli, akala za matairi zilizochakaa, vipande vya sahani, vifuniko vya sufuria. Mimi nilileta mpini wa mwavuli. Watu walileta maji kwa punda. Baba akajitolea kufanya kazi ya saruji kila Jumamosi, bure, na kijiji kizima kikamsifu. Nilijivuna mpaka nikaudhi watu.

Siku ya kufungua, chifu alikuja, pasta alikuja, wazazi wakajaa upande wa pili wa kichochoro. Baba alisimama huko huko, kati ya chifu na pasta, amevaa koti lake la Jumapili, mwiko mpya wa saruji aliozawadiwa mkononi. Darasa letu lilipewa heshima ya kupita kwanza. Kwa kuwa njia ilikuwa nyembamba, tulipita mmoja mmoja. Nyuma yangu, kwa ubaya wa foleni ile, alikuwa Halima.

Jamani, kilikuwa kizuri. Vizibo vilipangwa vikawa twiga, vikawa jua. Vitako vya chupa vilipenyeza mwanga wa kijani na wa kahawia miguuni petu. Juu vijiko vilivyotobolewa vilining'inia, upepo ukavigonganisha. Tulisahau kabisa kusukumana. Nilikuwa natembea mkono ukipapasa ukuta, nikitafuta mpini wangu wa mwavuli, vidole vikapita kwenye betri, betri, betri, kisha vikagusa waya.

Niliinama. Mzunguko wa kwanza mzima, wa katikati umekatika, wa tatu mzima. Kipembe kilikuwa kimezamishwa ndani ya saruji, mdomo tu ukionekana, umezibwa vizuri na kulainishwa kwa mwiko. Kazi safi, kazi ya baba yangu.

Ningelia, ningepiga kelele. Badala yake, mnajua nilifanya nini? Nilisikia hatua za Halima nyuma yangu, nikakifunika kwa kiganja.

Alisimama. Akatazama kiganja changu, akatazama uso wangu. Akaushika mkono wangu na kuuondoa pale ukutani. Aliangalia ule waya kwa muda. Alikuwa anaujua, nilishamwonyesha mwenyewe. Kisha akaurudisha mkono wangu pale pale na kuubonyeza kwa nguvu mpaka waya ukanichoma, akanipita akaenda zake.

Jioni nilimngoja baba pale anapooshea vifaa vyake. Nikamwambia nimekiona. Aliendelea kusugua mwiko muda mrefu.

"Ni mama yangu, mwaitu," akasema mwishowe. "Ningemtupa wapi?"

"Na Halima?"

"Hao ni watu wa kuhama. Watasahau."

Hakutoka nje kwenda nyumba ya tatu, wala mimi sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho, halafu kesho yake, na aibu ikazidi kuwa nzito. Kiangazi kilipokaza kina Abdi walipakia vyombo kwenye lori lao la mbuzi wakahamia Garissa. Halima sijamwona tena. Baba aliendelea kuniita mwaitu mpaka alipofariki, nami niliendelea kuitika. Nimejaribu kumwelewa na nimefika mahali: alishindwa kubaki na kipembe nyumbani na akashindwa kukitupa. Hilo naweza kulikubali. Lile la kula muthokoi huku mimi nalia, halafu kuniacha nitoke mbio, hilo bado sijalisamehe.

Lakini kilichonitoa machozi benki si baba. Kwa miaka mingi niliamini Halima aliubonyeza mkono wangu ili waya uniumize, na nilisema moyoni kwamba nilistahili. Nilikuwa mtu mzima, nimesimama jikoni kwangu, nilipokumbuka nani walikuwa wamesimama mwisho wa kichochoro kile. Chifu. Pasta. Wazazi wote wa Kyuso, na mama yake Halima kati yao. Ilitosha atoe sauti moja tu, aseme "Hiki hapa!", na jina lake lingesafishwa mbele ya kila mtu, na baba yangu angebaki na mwiko wake mkononi. Alikuwa na miaka kumi na moja, na alama ya wizi nilikuwa nimempaka mimi. Alinirudishia mkono wangu ili uendelee kuficha.

Tulitoka upande wa pili, yeye mbele, mimi nyuma, na watu wakatupigia makofi wote wawili.