Sindano za Selamah

Mdogo wangu Selamah alikuwa akicheza makyong, ngoma ya maigizo ya Wamalay, hapa Pasir Mas mpaka wanaume wanasahau njia ya kwao. Na ni mimi niliyemsindikiza kwa mganga, enzi za usichana, akachomekwa susuk: sindano nyembamba za dhahabu chini ya ngozi ya paji, ili uso ung'ae jukwaani. Mumewe Deraman hakujua. Alijigamba sokoni, "Mke wangu hana hata poda!" nasi tukacheka kichinichini.

Kisha kichwa kikaanza kumuuma. Mkono wa kushoto ukalegea, akawa anaangusha vikombe.

"Dada, ni zile sindano," aliniambia. "Zinanilipizia kisasi."

Mganga naye akaunga mkono. Upuuzi mtupu! Nikamburuta hospitali.

Wakamdunga dawa ya kung'arisha picha, wakampiga picha ya CT ya kichwa. Daktari akatuita sisi wawili tu, kwani Deraman alikuwa ameenda kuswali.

"Sindano hazina neno, mama," alisema. "Tazama huku ndani. Huu mduara mweupe wenye giza katikati ni uvimbe, na sura yake ni ya ule unaokua mbio. Tutakuwa na hakika tukishaukata na kuupima, lakini tusichelewe. Mwite mumeo aione picha, muamue pamoja."

Selamah akanikamata mkono. "Akiiona picha, ataziona."

"Kwa hiyo ufe mrembo?" nilimfokea.

Akafuta machozi, akaweka ushungi vizuri. "Mwite, dada. Siendi kupasuliwa kichwa huku namficha."

Nimeona watu wakimpigia makofi miaka na miaka, lakini siku ile ndiyo nilijivunia hasa kuwa dada yake.

Deraman akaja, akaikodolea macho picha. Paji lote lilikuwa na vitu vinavyong'aa kama punje za mchele. "Hivi ni nini?"

"Susuk," Selamah alijibu mwenyewe. "Tangu kabla hujanioa. Nilikudanganya."

Jamaa akaanza kuzihesabu zile punje kwa kidole, moja moja, mpaka nikatamani kumzaba kibao. Mwishowe akasema, "Kumbe nilirogwa."

"Ulirogwa, bwana," Selamah alikiri.

"Na miaka yote hii hukuniambia nikushukuru?" Sauti ikamkatika. Akamgeukia daktari. "Hicho kidude kitoeni chote. Hizo sindano msiziguse."