Marcelina na Safari ya Kumano

Marcelina wa Rombo, aliyekuwa akiishi Hounslow na kutunza wazee majumbani mwao, hakuwahi kupewa cha bure London hii. Kwa hiyo Manish, mwana wa Mama Poonam, mmoja wa wazee hao, alipomwambia kwamba atamlipia kila kitu amsindikize mama yake Japani, kwenye milima mitakatifu ya Kumano, alimkazia macho.

"Mbona mimi? Wewe mwanawe huendi?"

"Kazi zimenibana. Mama anakuamini," Manish alijibu huku akichezea simu. "Na wala msiwe na haraka ya kurudi."

Hilo la kutokuwa na haraka lilimkaa rohoni. Mama Poonam, mjane mzaliwa wa Tanga, alikuwa na nyumba yake Harrow, na wiki chache nyuma Marcelina alimkuta Manish akipima vyumba pamoja na mwanamume asiyemjua. Kumwacha bibi wa watu asafiri na mgeni? Hapana. Akakubali, ili amlinde.

Njia ya mahujaji ilipanda mlimani kwa ngazi za mawe zenye utelezi, katikati ya miti mirefu iliyolizuia jua. Kwenye kila kihekalu Mama Poonam alisimama, akainamisha kichwa na kunong'ona. Marcelina alikaa kando, rozari mkononi, akiogopa hata kuyaonja maji ya kujitakasia ya pale. Na kila jioni Manish alipiga simu: "Mama haulizi habari za nyumbani?"

Walipofika kwenye maporomoko ya maji ya Nachi, uzalendo ukamshinda.

"Mama, unisamehe. Nadhani Manish anaiuza nyumba yako."

Mama Poonam alivua miwani akaifuta matone. "Anaiuza, ndiyo. Nimemtuma mimi."

"Wewe?"

"Nguo za marehemu bado zimo kabatini. Nitakaaje pale niangalie watu wanazibeba? Nikamwambia anitafutie mahali mbali, pa kupanda mpaka nichoke, nilale bila kuwaza."

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Ungenionea huruma njia nzima. Nilitaka mtu wa kununa, si wa kulia."

Marcelina alicheka bila kupenda. Kisha akauliza, "Umeshasaini?"

"Bado. Mpaka nirudi."

"Basi siku hiyo nami nitakuwepo."

Akawepo kweli. Kwa mwanasheria aliuliza maswali mpaka Manish akawa anashusha pumzi kwa sauti. Hakukuwa na hila yoyote: fleti mpya ya Neasden ambayo mama angehamia, karibu na hekalu analosalia, iliandikwa kwa jina la Poonam peke yake.

Walipotoka nje, Manish alimtazama kama mtu anayesubiri kuombwa radhi.

"Hiyo lifti ya huko Neasden," Marcelina alisema, "huwa inaharibika mara kwa mara?"

Mama Poonam akamshika mkono, wakaenda kuikagua.