Mbeba mafuta ya wagonjwa asiyeamini mtu

Saa tatu na robo asubuhi, mlango wa chumba cha upasuaji unafunguka kidogo na mkono wenye glavu unatoa kichupa. Ndani kuna kipande cha mafuta ya mgonjwa, cha njano, kisichozidi kidole gumba. Mbebaji anakipokea, anasoma lebo mara mbili, kisha anamkazia macho muuguzi.

"Ni hiki tu? Hamjabakiza kingine?"

"Ni hicho tu, Barafu. Kila siku swali hilohilo!"

Barafu ni jina alilobandikwa na wenzake. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka kumi na tisa amebeba sampuli kutoka hapa hadi maabara: korido mbili na ngazi thelathini na nne, kwa kuwa lifti hugoma kila mara.

Miezi minane iliyopita, maabara ilianza kuomba mafuta yaliyokuwa yakitupwa baada ya upasuaji, mgonjwa akiridhia. "Taka za jana leo zimekuwa mali? Nikasema hapa kuna mchezo," anasema.

Kilichomtia shaka zaidi ni agizo la kuyabeba yakiwa na joto la mwili. Maisha yake yote kazini, kila kilichotoka kwa mgonjwa kilikaa kwenye barafu. Akaamini wanataka mafuta yaoze ili lawama zimwangukie yeye. Basi kwa wiki tatu, akifika kwenye ngazi, alitia pakiti za barafu sandukuni, akazitoa kabla ya kupiga hodi. Siku moja akasahau kutoa moja, na mtafiti wa maabara akaikuta.

Sampuli kumi na moja zilikuwa zimeshaharibika.

"Nilitaka kulia," anasema mtafiti, mwanamke wa umri wa binti yake. "Nikamketisha. Nikamwambia, mzee wangu, mafuta si mzigo uliolala tu. Chembe zake zikiwa hai hutengeneza vimeng'enya na kuvitoa nje. Vingine huingia kwenye mlolongo wa homoni unaobana mishipa ya damu na kupandisha presha. Figo ndizo zinazojulikana zaidi kwa kazi hiyo. Sisi tunataka kujua mafuta nayo yanachangia kiasi gani. Chembe iliyokufa haitanijibu."

Neno presha lilimchoma Barafu. Mkewe, fundi cherehani, anameza vidonge vitatu kwa siku, na upasuaji wake wa nyongo umeahirishwa mara mbili kwa sababu presha ilifika 180 kwa 110. Sasa imeshuka, na amepangiwa Alhamisi hii. Naye ameombwa kipande cha mafuta. Fomu iko mezani nyumbani, haijasainiwa.

"Anaikagua kila jioni kama anayenunua kiwanja," anacheka mkewe. "Mafuta yangu, wasiwasi wake! Nimemwambia, baba watoto, siku wakiyakaangia mayai utaniita."

Barafu hacheki. Alidai aonyeshwe, na mtafiti akampimia maji ambamo chembe hai zililala usiku kucha, kisha yale ya chembe zilizogandishwa. Ya kwanza yalitoa namba ya vimeng'enya kwenye kioo cha mashine. Ya pili hayakutoa kitu.

"Mashine inaweza kufundishwa uongo. Nikamwambia arudie."

Alirudia mara tatu. Je, sasa anawaamini? "Nusu," anajibu, akiangalia mlango wa maabara.

Mtafiti amemwambia wazi kuwa utafiti huu hautamponya mkewe. Barafu anawaza binti yao, ambaye presha yake nayo imeanza kupanda akiwa na miaka ishirini na sita tu. Kwa ajili yake amekubali mkewe asaini, kwa sharti kwamba Alhamisi mbebaji awe yeye. Tayari amepanda zile ngazi mara sita na kichupa cha maji ya uvuguvugu, kipimajoto kikiwa mfukoni.

"Vya watu kumi na mmoja nimeviua nikidhani naviokoa," anasema. "Hiki cha mama watoto kitafika hai. Halafu nitakaa palepale mlangoni mpaka wanionyeshe namba yake."