Sanae alikula maandazi ya wazee akiwa na miaka 43

Saa kumi na moja alfajiri, Sanae Takenouchi ameketi kwenye kigoda, anasugua figili kwa chumvi. Nywele zake nyeupe pe. Mguuni ana kidonda kilichogoma kupona tangu mwaka juzi. Ukimwona utampa shikamoo, na utakuwa umekosea: ana miaka 43.

"Hata muuza samaki ananiita bibi," ananiambia kwa sauti nyembamba, "na yeye ana wajukuu."

Ana ugonjwa wa kuzeeka mapema. Wazazi wake walikuwa mtu na binamu yake, akaurithi kutoka pande zote mbili. Daktari alimweleza kwamba ndani ya kila chembe ya mwili mna maelekezo tuliyorithi, nayo huharibika kila siku, kwa kila binadamu. Mwili hukarabati. Unapozidiwa, uharibifu unalimbikizana, na uzee wetu sote kwa sehemu fulani unatoka humo.

"Akasema wote tunachanika, ila mimi fundi wangu mmoja hakuzaliwa."

Figili hizo za chumvi, anazouza sokoni, humpatia yen laki moja na ishirini kwa mwezi, na robo huishia kwenye dawa na bandeji. Hayo ameyazoea. Kinachomkosesha raha ni maandazi.

Septemba, siku ambayo Japani huwaheshimu wazee, chama cha mtaa kiligawa maboksi ya maandazi ya maharage, mekundu na meupe, kwa kila aliyetimiza miaka 75. Honami, mke kijana aliyehamia majuzi, alikosea mlango. Boksi lilikuwa la jirani, Mzee Kurosaki, mwenye miaka 91. Honami alipomwona Sanae hakuuliza jina. "Hongera, bibi," akamwambia. "Uishi sana."

"Ningesema ukweli, ningemwaibisha," anasema Sanae. "Mtu amekuletea kitu kwa mikono miwili, unamwambiaje amekosea? Nikapokea, nikainama." Anaficha uso. "Halafu nikala yote sita. Naona haya mpaka leo, kwa sababu yalikuwa matamu."

Jioni ile alimsikia Mzee Kurosaki ng'ambo ya ua. Alikuwa ameshinda mlangoni na koti lake jeusi, akisubiri. "Labda mtaa umeshanizika," alimwambia mkwewe, "mmesahau tu kunijulisha."

Wiki tatu Sanae amepita njia ya nyuma. Leo amechoka kujificha. Namfuata. Mzee anamwagilia maua.

"Babu, yale maandazi yako nilikula mimi. Walidhani mimi mzee."

"Kwani si mzee?"

"Nina arobaini na mitatu."

"Sema kwa nguvu, mama. Sikio hili limekufa."

Sanae anatazama barabarani. Upande wa pili, Honami anaanika magodoro. Kisha anapaza sauti, mtaa mzima usikie: ana miaka arobaini na mitatu, ni ugonjwa, na maandazi alikula yeye.

Honami anaachia godoro lianguke. Mzee anamtazama Sanae, kuanzia nywele mpaka bandeji.

"Kumbe mtoto mdogo," anasema taratibu. "Na mimi nimewanunia watu wiki tatu."

Tukirudi, Sanae hainui kichwa. Anajua Honami atakuja jioni kumwomba radhi.

"Nataka nimuwahi," ananiambia. "Nitampelekea figili, nimwombe radhi mimi kwanza. Halafu nimwambie aniite dada, kwa hii miaka niliyobakiza."