Kandarasi Imekatwa

Huku kwetu kandarasi ni neno la miwa. Unaingia kandarasi na kiwanda, unapanda mara moja, wakataji wanakuja, tunasema kandarasi imekatwa, unalipwa, na muwa uliokatwa unachipuka tena. Kwa hiyo mwanangu wa kwanza aliponipigia simu kutoka Eldoret akasema, "Baba, kandarasi imekatwa," nilijibu, "Bwana asifiwe." Mama yake akapiga vigelegele jikoni.

Kijana akasema, "Baba, hii si ya miwa."

Alikuwa mpakiaji katika shirika la ndege za mizigo. Lilianza na ndege moja kuukuu, ikipeleka unga na dawa kwenye nchi zenye njaa kwa niaba ya wafadhili waliolikodi. Likaongeza nyingine, likaajiri vijana wengi, nasi kanisani tukaziombea ndege hizo kila Jumapili, tukiziita zetu. Hakuna aliyetuambia kwamba shirika halikuwa na mzigo wake lenyewe. Wafadhili walipopata shirika lingine la bei nafuu, wakakata kandarasi, ndege zikabaki zimeegeshwa, nyasi zikaota magurudumuni. Wenye shirika walijua mapema, wakawaacha vijana wapakie mpaka siku lango lilipofungwa. Hilo bado linanikera. Nimelipeleka kwa Mungu mara nyingi, na kila mara narudi nalo.

Kijana alirudi nyumbani Shinyalu na koti lake la kazi la kung'aa. Nilimpa shamba la nyuma ya nyumba alime.

"Watatuita tu, Baba. Kandarasi mpya inakuja."

"Nani amesema?"

"Tunaongea na wenzangu kwa simu."

Mvua ikaja ikaisha, shamba likiwa kichaka. Nikienda sokoni Khayega, vijana wa boda boda huniuliza, "Mzee, ile ndege haijachipuka?" Natabasamu kwa sababu ya wokovu tu.

Namshukuru Mungu kwamba alirudi mzima. Lakini nimeacha kuombea ndege. Sasa naomba ashike jembe.

Juzi alilishika bila kuambiwa, amevaa koti lile lile. Tukapanda maharagwe pamoja, nami nikaanza kushukuru moyoni. Ndipo ndege ikapita juu. Akasimama, akaitazama mpaka ikapotelea upande wa msitu.

"Ni ya mizigo hiyo," akasema.

"Umesimama juu ya mbegu, kijana wangu."

Akasogeza mguu mmoja.