Shikamoo ya Uwanjani

Uwanjani hakuna shikamoo. Ukishavaa bukta, wote ni rika moja, hata kama mwenzako ungeweza kumzaa. Vijana wa timu yetu ya kikapu pale Kilwa Masoko waliniita "mwamba", wakanisukuma, wakanitolea maneno nikikosea pasi, nami nikawarudishia mara mbili. Ndiyo raha yenyewe. Kwa hiyo asubuhi ile ya mazoezi, mdogo kuliko wote aliponisogelea, akapunguza mwendo na kusema, "Shikamoo, mzee," nilijua nimekwisha.

Sikumwitikia. Nilidunda mpira kwa nguvu, kama vile ndio uliokosa adabu.

Mfadhili wa timu, mfanyabiashara wa samaki pale mjini, alinitoa Dar es Salaam kwa dau ambalo wenzangu walilisema chini chini. Mimi nililipwa mshahara. Wao walipewa nauli na soda. Baada ya miaka yote ya kucheza mbali, nilikuwa nimeletwa karibu na kwetu Kikole, nikiwa na jina kubwa na goti lililochoka. Kocha alinivumilia mechi chache. Halafu akaniambia, bila kunitazama, "Kaka, utakaa na mimi hapa pembeni, tusaidiane mawazo."

Mawazo! Mtu nimeajiriwa kwa miguu, naombwa mawazo.

Kuanzia hapo nikawa nasugua benchi. Hata benchi lenyewe halikuwa benchi: walinitafutia kiti cha plastiki chenye mikono, wakakiweka kivulini, wakawa wananiletea maji ya baridi. Heshima tupu. Lakini wale wale waliokuwa wakija chumbani kwangu jioni kutazama mechi kwenye simu yangu na kunimalizia sukari, wakaacha kuja. Nilijifanya nimepata nafasi ya kupumzika. Uongo mtupu. Nilikula chapati zangu nimeuelekea ukuta, na nilikuwa mpweke, wallahi, hadi muuza maji akigonga mlango namchelewesha kwa maswali.

Kilichoniuma zaidi ni mama. Hakuwahi kuniona nikicheza hata siku moja. Kwake kikapu kilikuwa mambo ya Dar, kitu kilichomchukulia mwanawe wakati mikorosho inataka mtu. Nilikuwa nimemwahidi kwamba fainali atakuja kuniona, na mkataba wangu ulikuwa unaisha na fainali hiyo hiyo. Basi nikamfuata kocha nyumbani kwake, nikamwambia mama yangu anakuja, naomba dakika chache tu.

"Inshallah," akasema.

Mtu wa kwetu akikuambia inshallah huku anatazama viatu vyake, jibu umeshalipata.

Mama alifika na kanga mpya na mfuko wa korosho za kukaanga. Nilimkalisha nyuma yangu. Mechi ilianza, na kila kocha alipoinuka nilishika fulana yangu ya juu tayari kuivua, kwa sababu jezi ilikuwa ndani. Robo ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Ya nne tulikuwa tunaongoza kwa mbali, na bado akamwingiza mwingine. Tukashinda. Vijana wakaja mmoja mmoja kunipa mkono, shikamoo mzee, shikamoo mzee, jasho linawadondoka. Mimi nilikuwa mkavu, bado nanukia sabuni ya asubuhi. Niliwatikisia kichwa tu.

Mama alikuwa anacheka kwa furaha. "Looh, baba, umekuwa mtu mkubwa! Wenzio wanahangaika juani, wewe umewekewa kiti na maji. Na wote wanakuamkia!"

Nilitaka kumwambia ukweli. Nikajikaza kisabuni, nikasema, "Alhamdulillahi, mama."

Nilimsindikiza hadi Nangurukuru akapande gari la Kikole. Njia nzima alikisifia kile kiti, nami nikamshukuru Mungu kwamba hajui mchezo. Gari lilipokuja akapanda, akakaa dirishani, akanipa mfuko wa korosho zilizobaki. Kisha akaushika mkono wangu, akakataa kuuachia.

"Siku utakayocheza, baba, uniite tena. Nitakuja."

Gari likaondoka. Kumbe alikuwa ameona kila kitu. Na siku hiyo ya kumwita haikuwepo. Mkataba ulikuwa umekwisha saa ile ile kipyenga kilipolia. Nikabaki nimesimama kando ya meza ya mihogo ya kukaanga, nimeukumbatia mfuko wa korosho, watu wakinipita kuwahi magari yao. Binti aliyekuwa akikaanga akainua uso, akanitazama.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikaitika.