Mama Alipokataa Bafu Bila Mlango

Mume wangu ndiye aliyetaka bafu bila mlango, nami nikamuunga mkono, kwa hivyo sina wa kulaumu. Kiharusi kilikuwa kimemwacha mama na mguu mmoja mzito. Tulimtoa Molo tukamleta kwetu mtaani Free Area, na kile chuma chake cha miguu minne cha kutembelea hakikupita kwenye mlango wa zamani. Fundi aling'oa mlango na kizingiti, akasawazisha sakafu na korido, akajenga ukuta mfupi wenye kona ili anayeoga asionekane. Kazi safi. Hakuna cha kujikwaa, hakuna kitasa cha kupambana nacho ukiwa na sabuni mikononi.

Mama alilitazama akauliza, "Hii ni bafu ama ni barabara?"

Ubaya wake niliuona upesi. Baridi ya asubuhi iliingia bila hodi, na maji yalirukia hadi koridoni. Lakini hayo siyo yaliyomkera mama. Kwetu, mama hakai hivi hivi kwa mkwe wake wa kiume, sembuse kuvua nguo nyumbani kwake. Hata kuzungumza walizungumza kupitia kwangu, wote wawili wakiwa meza moja. "Ambia mama chai iko tayari." "Mwambie nimesikia." Nilichoka kuwa redio yao.

Basi akawa anaoga mkwe akiwa kazini tu, sikio likiwa getini. Nikimwambia haraka hiyo itamwangusha, ananijibu kwamba nimelelewa vibaya. Na aliyenilea ni yeye.

Siku moja mume wangu alirudi mapema. Geti likalia. Nikasikia chuma kikigonga vigae, kisha kishindo, kisha maji peke yake.

Nilimkuta sakafuni, sabuni mwilini, anatetemeka. Nilifunga maji nikamshika kwapani nimwinue. Nilikuwa na mimba kubwa, na daktari alishanikataza hata kubeba ndoo. Maumivu yakanivuta chini ya tumbo.

"Wacha! Utaumiza mtoto," mama akasema. "Ita jirani."

"Jirani ameenda soko, mama."

"Basi nitangoja."

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa kona. Niliona kivuli chake kwenye vigae. "Ambia mama naingia."

"Akikanyaga hapa, narudi Molo leo leo!"

Mlango haukuwepo, na bado hakupita. Niliwachukia wote wawili. Nilimbembeleza mama, nikamfokea, nikalia. Akataka kunijibu, na maneno yakatoka mazito, kama asubuhi ile ya kiharusi. Hapo ndipo niliogopa kweli.

"Ulimi unamshinda!" nikapiga kelele.

Nyayo zikaenda mbio chumbani, zikarudi. Kisha mume wangu akasema, na kwa mara ya kwanza hakusema nami, "Mama, nakuja kinyumenyume. Sigeuki."

Akaingia mgongo mbele, akanirushia blanketi juu ya bega lake. Nikamfunika mama, nikamfunga vizuri. Mume wangu akachuchumaa, mikono nyuma, kama mama anayengoja kubebeshwa mtoto. Mama aliutazama mgongo ule. Nilidhani atakataa. Halafu mkono wake mzima ukapanda polepole, ukamshika shingoni.

Alipoinuka naye, alijigonga paji la uso kwenye kona ya ukuta. Ndipo nilipoona kwamba alikuwa amefumba macho muda wote.

Hospitalini walisema kiharusi hakikurudi. Ilikuwa baridi na hofu. Kesho yake tulikuwa mezani, mume wangu ana nundu usoni. Nilikuwa nimeamua: fundi aitwe, mlango urudi, yaishe. Nikafungua mdomo.

Mama akanizuia kwa mkono. Akamgeukia mkwe wake, akamwangalia.

"Nunua pazia nzito," akamwambia. "Mlango usirudishe."

"Sawa, mama."

Akapuliza chai yake kwanza. "Mlango ungekuwako jana," akasema, "ningekuwa nimeufunga kwa ndani."